Majaji Hawaonji Jibini

New York, 3 Oktoba 1927

Dada Verena,

Najua utaanza kwa kunung'unika kwamba mdogo wako hukumbuka kalamu pale tu anapotaka kitu. Basi nung'unika kwanza, ukimaliza uendelee kusoma, maana ni kweli nataka kitu.

Nataka gurudumu moja zima la jibini yako. Si la kuuza. Chagua lile ambalo ungethubutu kumpa Baba alikague kama angekuwa hai, lililotengenezwa kiangazi hiki, ng'ombe wakiwa malishoni. Tena usilipige muhuri wowote, si wa jina lako wala wa Wisconsin. Liache uchi kama lilivyotoka kwenye kitambaa. Nauli ya treni ni juu yangu.

Ukiuliza ni la nini, chama chetu cha waimbaji kina karamu msimu wa baridi, na Waswisi wa hapa hawaishi kunitania kwamba dada yangu huko Monroe anapika sabuni yenye matundu. Nataka kuwafunga midomo.

Biashara yangu imekuwa ngumu. Tangu Rais atoe tangazo lake, ushuru wa jibini ya kwetu Uswisi umepanda kutoka senti tano hadi senti saba na nusu kwa kila ratili. Ghalani nina magurudumu ya kutoka Trub, kijijini kwetu, kutoka jengo lile lile alilofanyia kazi Baba, na wenye maduka wanayaangalia, wanauliza bei, wanaaga kwa adabu. Sisi waagizaji tunazungumza habari za kwenda mahakamani. Nina hakika wakulima wako walipiga makofi tangazo lilipotoka, lakini sikulaumu.

Ndugu yako,
Niklaus


Monroe, Wisconsin, 24 Oktoba 1927

Mdogo wangu Niklaus,

Nimenung'unika kama ulivyoniruhusu, kisha nikashuka ghala la chini. Nimegonga gurudumu baada ya gurudumu kwa kidole na kusikiliza, hadi sikio likaanza kuniuma. Lile nililochagua linaitika taratibu, sauti nzito, hakuna ufa ndani wala tundu lililozidi. Nilikuwa nimeliweka kwa ajili ya maonyesho ya kaunti. Sasa nitapeleka la pili kwa uzuri, na mke wa Stauffacher atanishinda, na utakuwa na deni kwangu.

Fridolin, yule mkulima jirani anayeniletea maziwa asubuhi na jioni, ndiye aliyenisaidia kulipakia kwenye treni. Alisema, "Mama Elmer, huyu kaka yako ana bahati. Watu wa New York wanakula chochote mradi kina matundu." Nikamwambia afunge kamba vizuri aache umbea.

Na ndiyo, walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, sitakudanganya. Hujui tulivyokuwa. Tangu mume wangu afariki nimekishika kiwanda hiki peke yangu, lakini jengo na sufuria ya shaba ni mali ya wakulima. Majira ya kuchipua walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba jibini hailipi, heri maziwa yao yaende kwenye siagi. Siagi haihitaji mtu kama mimi, Niklaus. Tangazo lile ndilo lililonibakiza kazini.

Lakini kuna jambo linanikereketa kooni. Tangazo linasema ushuru umepandishwa ili kusawazisha gharama za jibini mbili "zinazofanana". Watu wa Tume ya Ushuru walipokuja hapa mwaka juzi waliuliza bei ya maziwa, kuni, chumvi, na ujira wangu. Niliwakatia kila mmoja kipande. Wa kwanza akasema daktari amemkataza. Wa pili akakifunga kwenye leso, akakisahau mezani. Sasa niambie wewe uliye karibu na wakubwa: nani aliyeonja?

Dada yako,
Verena Elmer


New York, 15 Januari 1928

Dada Verena,

Gurudumu lilifika zima, halina hata mkwaruzo. Karamu imeahirishwa kwa sababu kiongozi wa kwaya ameugua koo, kwa hiyo nimelihifadhi kwenye ghala la baridi, jirani na gurudumu moja la Trub. Usiwe na wasiwasi. Kila Jumamosi ninakwenda mwenyewe kuyageuza yote mawili na kuyasugua kwa maji ya chumvi, ganda lote, juu, chini na ubavuni, kama tulivyofundishwa. Mlinzi wa ghala ananiona nimerukwa na akili. Mimi siwezi kuona jibini imelalia upande mmoja wiki nzima nikapata usingizi.

Swali lako nililipeleka kwa Tierney, wakili wetu. Alicheka hadi akavua miwani. Akaniambia, "Bwana Zurflüh, dada yako angekuwa wakili angetupa taabu. Jibu ni kwamba hakuna aliyeonja, na sheria haikumwamuru mtu kuonja. Bunge limemwambia Rais: Tume ichunguze, iwasikilize watu hadharani, kisha wewe uamue kama ushuru upande au ushuke, ila usivuke nusu ya ule wa zamani. Basi."

Nikamuuliza: na akiamua vibaya? Akachukua kile kijiti changu cha chuma cha kutobolea jibini kilichokuwa mezani. Akasema Bunge limempa Rais kijiti hiki, yeye peke yake ndiye anayetoboa na kunusa. Mahakama inaweza kuuliza kama alikishika kwa mpini. Haiwezi kumwomba anusishe.

Mimi siamini. Mahakama gani itakataa kuona kilicho mbele ya pua yake? Tutakwenda kusikilizwa mwezi wa sita. Pole kwa maonyesho.

Niklaus


Monroe, 8 Machi 1928

Niklaus,

Leo Fridolin ameniletea gazeti la wauza jibini. Aliliweka mezani akatoka. Nakunakilia hapa mstari mmoja usije ukasema nimeota: "Mwagizaji mmoja wa New York ataleta mbele ya majaji gurudumu kutoka Green County, Wisconsin, kama mfano wa jibini ya Kimarekani isiyoweza kufananishwa na ile halisi ya Uswisi."

Ndiyo karamu yenu hiyo? Ndiyo koo la kiongozi wa kwaya?

Ulinivisha kilemba cha ukoka, nami nikakivaa nikajitazama kwenye kioo. Ulimtaja Baba. Ulijua ukimtaja Baba nitashuka ghalani nichague kwa sikio langu mwenyewe, nami nikashuka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekitilia nauli ya treni, hata kama ulisema ni juu yako, maana hujanirudishia bado.

Fikiri ulichokifanya. Ukishinda, ushuru utashuka, wakulima watahamia kwenye siagi, na kitakachonifukuza kwenye sufuria yangu ni jibini niliyoipika kwa mikono yangu. Na kabla ya kufukuzwa nitakuwa nimetangazwa mbele ya majaji watatu kuwa mpishi wa sabuni. Miaka kumi na tisa niko hapa nikijaribu kupika kama Baba. Hukuwahi kuniambia kwa mdomo wako kwamba nimeshindwa. Umesubiri uyaseme kwa kiapo.

Usiniandikie.

Verena


New York, 19 Machi 1928

Dada,

Ninaandika ingawa umenikataza.

Nilikudanganya kuhusu karamu. Hilo ni kosa, sina utetezi. Lakini lingine si kama unavyodhani. Kama ningetaka kukuaibisha ningekwenda sokoni hapa chini nikanunua sabuni kweli, zimejaa tele. Tierney alisema nikileta jibini mbaya, upande wa serikali utaniuliza kama hiyo ndiyo bora kabisa ya Wisconsin, nami nitakosa la kusema. Ilibidi iwe bora kuliko zote. Nilimjua mtu mmoja tu wa kumwomba.

Hoja yangu ni moja. Hata iliyo bora kabisa ya huko haifanani na ya nyumbani. Milima si ile, majani si yale, maji si yale. Mtoto mdogo akipewa vipande viwili gizani atakuambia. Na kama hazifanani, basi Rais hakuwa na kitu cha kusawazisha, na tangazo lake limesimama hewani. Kusema hivyo si kukutukana. Mbona mtu akisema wewe si Baba hajakutukana?

Niliomba yasipigwe muhuri ili majaji waonje bila kujua lipi ni la nani. Kwa haki. Ubavuni mwa kila moja tumebandika kikaratasi chenye namba tu.

Nina wafanyakazi, Verena, na nina Rosina na watoto. Nikishindwa nafunga duka.

Niklaus


New York, 16 Juni 1928

Dada Verena,

Hujajibu tangu Machi, na una haki. Ila lililonipata juzi siwezi kumwambia mtu mwingine yeyote. Rosina atanicheka, Tierney atanitoza pesa.

Wapagazi wanne waliyaingiza magurudumu mawili mahakamani wakayaweka juu ya meza iliyotandikwa gazeti. Siku ya joto, madirisha yamefungwa kwa ajili ya kelele za barabarani. Baada ya muda kidogo karani akasogeza kiti. Baada ya muda mwingine akasogeza tena. Mimi nilivuta harufu ile nikahisi niko nyumbani, nikajua nimeshinda.

Nilikula kiapo, nikasema yote: kwamba moja ni la dada yangu, majani, maji, moshi, mtoto mdogo gizani. Kisha Tierney akasimama akaomba majaji waonje.

Jaji wa katikati, mzee mwenye mafua, akauliza, "Bwana Tierney, tukishaonja?"

"Mtaona hazifanani, Mheshimiwa."

"Na tukiona zinafanana?"

"Basi mteja wangu atakuwa amekosea."

"Sawa. Sasa chukulia Rais kaona zinafanana, sisi tumeonja tukaona hazifanani. Ushuru utatozwa kwa ulimi wa nani? Bunge limemwachia yeye au limetuachia sisi?"

Tierney akasema Bunge haliwezi kuwa limempa mtu ruhusa ya kufananisha vitu ambavyo hata hakuvionja. Jaji akapenga kamasi. "Uchunguzi ulifanyika?" Ulifanyika, Mheshimiwa. "Watu walisikilizwa hadharani?" Walisikilizwa. "Alivuka nusu aliyowekewa?" Hakuvuka, aliishia papo hapo kwenye nusu. "Basi mimi, na mafua yangu haya, naonja kitu gani hapa?"

Watu wakacheka. Sikucheka mimi. Lakini hilo silo nililotaka kukuambia.

Wakili wa serikali akasimama, kijana mtanashati, akayazunguka magurudumu yale polepole. Akasema, "Kabla hayajaondolewa, shahidi ametuambia chini ya kiapo kwamba hata mtoto angeyatofautisha. Atuonyeshe basi, lipi ni la dada yake?"

Nikatazama ubavuni. Vikaratasi havipo, Verena. Hakuna hata gundi. Nikakumbuka Jumamosi zote zile, brashi na maji ya chumvi, nikisugua huku nikiimba. Niliyasugua mwenyewe. Nilivifuta vile vikaratasi kwa mkono wangu mwenyewe, na katika kuyageuza na kuyapanga upya sikujua tena ni lipi nililolishusha kwanza.

Nikayaangalia. Rangi ile ile, urefu ule ule. Nilitaka kuyagonga, nikaona aibu. Nikainua kidole. Kilikuwa kinakwenda kushoto, na mpaka leo sijui kwa nini kushoto.

Jaji akasema, "Hakuna haja. Swali hilo haliko mbele yetu." Nikakaa chini. Shati lilikuwa limelowa jasho. Mahakama iliyokataa kunisaidia ndiyo iliyoniokoa nisiape uongo juu ya jibini ya dada yangu.

Magurudumu yanabaki kama vielelezo hadi hukumu, yasikatwe. Karani ameniomba niendelee kuyasugua.

Niklaus


Monroe, 2 Julai 1928

Mdogo wangu,

Nilikuwa nimeapa kutokuandikia hadi Krismasi. Lakini nilipofika pale ulipoinua kidole nilicheka hadi nikalazimika kukaa juu ya ndoo. Fridolin akaingia mbio akidhani nalia. Ulisugua ukajifutia ushahidi! Mwizi gani huyo anayefagia nyumba aliyoiibia? Hakuna ukoo mwingine duniani ambao ungefanya kosa hilo, ni sisi tu.

Usidhani nimekusamehe. Hasira iko ghalani, inakomaa.

Nimeyatafakari maneno ya yule mzee wa mafua kila siku nikikoroga maziwa. Mwanzoni nilifurahi: kumbe hawawezi kukusikiliza, kazi yangu iko salama. Halafu nikajiuliza, je, huyu Rais akitoka na mwingine akaingia, akaamka siku moja na kuona ushuru ushuke kwa nusu? Nitakwenda kulia wapi? Nitabeba gurudumu langu hadi New York, nao wataniuliza kama uchunguzi ulifanyika, kama watu walisikilizwa. Mlango uliofungwa usoni mwako ni huo huo utakaofungwa usoni mwangu. Nilimwambia Fridolin hivyo. Akasema, "Mama Elmer, makofi tulishapiga, hayarudi."

Nami ningependa kujua hivi: kama mahakama haiwezi kusema kweli ni ipi, inakaa pale kufanya nini? Muulize Tierney, lakini muulize barabarani asikutoze.

Na kuna hili jingine. Majaji hawaonji, Rais haonji, Tume ina daktari. Mimi nataka kujua. Wakikurudishia, usiyauze. Yakate, uonje, uniambie kweli bila kunipaka mafuta.

Verena


New York, 21 Novemba 1928

Dada Verena,

Tumeshindwa. Wameandika kurasa chache tu, kwa lugha ya upole. Wanasema Bunge lilimkabidhi Rais kazi ya kupima, likamwekea hatua za kupitia na kikomo asichovuka. Wao wametazama hatua, zote zimo. Wametazama kikomo, hakukivuka. Kama alipima sawasawa au la, kama jibini mbili zinafanana au la, hayo sheria imeyaacha kwenye busara yake, nao hawana ruhusa ya kuweka busara yao mahali pake. Kuna sentensi moja inayosema mahakama "haikatai kwamba mlalamikaji huenda ana hoja." Nimeisoma mara nyingi hiyo. Kuambiwa huenda una hoja na mtu ambaye hawezi kukusaidia kunauma kuliko kuambiwa umekosea.

Swali lako nilimuuliza Tierney barabarani kama ulivyoagiza. Alisimama kwenye upepo ameshika kofia. Akasema, "Mwambie dada yako mahakama ile ni ua. Haichagui kinachooteshwa shambani, inazuia tu mtu asilime kuvuka mpaka. Siku Rais atakapovuka, atawaona." Nilimuuliza kuhusu rufaa. Akasema tukipanda juu tutasikia maneno haya haya kwa sauti nzito zaidi.

Nafunga duka mwisho wa mwaka. Wenzangu wawili wamehamia kwenye mafuta ya zeituni. Mimi bado sijui.

Sasa lile lako. Magurudumu yalirudi wiki iliyopita, nikayakata yote mawili nyumbani kwangu. Ndani yana rangi moja, matundu ya ukubwa mmoja, yenye chozi dogo la chumvi ndani yake kama Baba alivyopenda. Nikaonja hili, nikaonja lile. Nikanywa maji, nikarudia. Nikafumba macho. Rosina akaniuliza, "Unakula au unasali?"

Verena, siwezi kuyatofautisha. Mtoto mdogo angeweza, nilisema. Mimi niliyezaliwa kwenye mvuke wa sufuria ya Baba siwezi. Kwa hiyo Rais ambaye hakuonja alikuwa amesema kweli, na mimi niliyeapa nilikuwa muongo bila kujua. Zinafanana. Miaka kumi na tisa umekuwa ukipika jibini ya Baba, na mimi nilikwenda kukukana mbele ya watu kwa ajili ya kuokoa duka ambalo hata hivyo nimelipoteza. Nisamehe. Nilipaswa kuandika neno hili mwezi wa tatu.

Nakutumia kipande cha kila moja kwa treni. Kimoja nimekifunga uzi mweupe, kimoja uzi wa buluu, na kila gurudumu nimelifunga uzi wa kipande chake. Kipi ni cha wapi sijui, na sasa hakuna anayejua.

Ndugu yako,
Niklaus


Monroe, 6 Desemba 1928

Mdogo wangu Niklaus,

Vipande vilifika vimeganda kwa baridi. Niliviacha mezani mchana kutwa vipate joto la chumba, kama inavyopasa, nikazunguka jikoni nikijitafutia kazi. Fridolin alikuja na maziwa ya jioni, akaviona, akauliza kama kesi imekwisha. Nikamwambia imekwisha, ushuru umebaki. "Si nilikwambia," akasema, "jibini ni jibini tu." Nikamnyima kipande.

Alipoondoka nilifunga mlango, nikaonja.

Barua yako nilikuwa nimeisoma mara tatu kabla. Sikumbuki siku niliyofurahi hivyo tangu mume wangu alipokuwa hai. Zinafanana, umesema, tena umesema wewe. Nilikuwa tayari kukuamini. Nilitaka sana kukuamini, nilikuwa nimeshaanza kuwaza nitamwandikia nani kumwambia. Lakini mimi huonja jibini yangu kila siku ya Mungu, na mtu hawezi kuikosea chumvi ya jiko lake. Uzi wa buluu ni mimi. Nilijijua kabla sijatafuna. Ni jibini nzuri, Niklaus, siionei aibu, ni tamu, ni ya majani manene ya hapa na ng'ombe walioshiba. Ningeipeleka kwenye maonyesho yoyote.

Kisha nikaonja ya uzi mweupe, nikakata tena, nikaonja tena.

Wewe umekaa New York ukiuza, ulimi wako umezoea zote. Mimi nimekuwa nikiitafuta ile ya Baba kwenye sufuria yangu kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa. Nimebadilisha moto, nimebadilisha chumvi, nimewagombeza wakulima juu ya malisho. Nilikuwa naikaribia, nilidhani. Sasa imekaa mezani kwangu nami najua sijawahi kuifikia hata siku moja, na sitaifikia, maana haiko kwenye mkono. Iko kule Trub. Nililia, sitakuficha, na si kwa huzuni tu.

Basi hukumu ndiyo hii. Hazifanani. Ulisema kweli kwenye kiapo chako, kila neno, na majani na maji. Umeshinda kesi yako mbele ya hakimu aliyeonja, ila hakimu mwenyewe hana mamlaka hata ya kupunguza nusu senti, na ndiye anayekula kwa ushuru huo. Sitakwenda kumwambia mtu. Wakulima wana watoto, nami nina sufuria. Nitaendelea kulindwa kwa sababu ya mfanano ambao najua haupo, na wewe unafunga duka kwa sababu hiyo hiyo, na hakuna mahali popote katika nchi hii pa kulipeleka neno hili isipokuwa kwako. Hasira yangu imekwisha. Nisamehe na mimi.

Ya uzi mweupe nimeimaliza yote peke yangu, nimekula hadi ganda. Gurudumu la uzi mweupe lililobaki usimuuzie mtu. Nipimie lote, uniandikie bei yake kamili, na ushuru wote juu yake, kama unavyomtoza mteja mwingine yeyote. Nitalipa.

Dada yako,
Verena